Bati Halitembei

Tarehe 6 Novemba 2017

Mvua ya kwanza yenye nguvu imeingia Kalemie leo, na imeingia hadi ndani ya nyumba yangu. Chumba cha nyuma hakina bati, kina turubai, na turubai lenyewe limechoka. Nimeweka beseni. Mabati ya kumalizia chumba hicho yalikuwepo. Baba wa watoto wangu aliyanunua kabla ya kufa, yakalala uani, mapya, yanaumiza macho juani. Mwezi uliopita Djafari mwanangu aliyapakia ndani ya boti akayapeleka kwa mama mukwe wake huko Kitunkulu, mbele ya Zongwe. Ati mama wa Chantal analala chini ya majani yanayovuja. Sawa. Na mama wa Djafari analala chini ya nini? Sikulisema kwa mudomo. Ninaliandika hapa.

Daftari alinipa Djamila, mutoto wangu wa pili. Aliniambia, "Mama, wewe unazungusha mambo kichwani hadi yanakuwa uji. Yaandike, yatoke." Mimi nilisoma hadi mwaka wa ine tu, kalamu kwangu ni nzito kuliko muchi wa kinu. Lakini jua hakuna, dagaa haikauki, kazi yangu imelala. Basi niandike.

Tarehe 7 Novemba

Mvua. Beseni, ndoo, na sufuria ya pilau.

Tarehe 12 Novemba

Djamila anasema maandishi yangu yanaruka kama chura. Basi nipange.

Chantal ni muke wa Djafari. Mutoto wa wavuvi, Mukristo. Sisi ni Waislamu wa hapa ziwani tangu mababu waliokuwa wanavusha chumvi na nguo kutoka Ujiji. Sikumukataa yule musichana, lakini sikumufungulia mikono pia. Kwao mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama. Siku anaondoka nilimuaga kutoka jikoni, mikono yangu ikiwa na unga. Maji ya kunawa yalikuwa karibu.

Djafari alimufuata na mabati. Alisema atarudi upesi. Kisha vita vya mishale na bunduki vikashuka kutoka bara, vijiji vikaungua, na ziwani boti za abiria zikasimama kwa sababu watu wa msituni wanateka injini. Sasa mwanangu yuko huko, mukwe wangu yuko huko na tumbo lake, na mimi niko hapa na beseni.

Tarehe 15 Novemba

Leo nimeona kazi ya Djamila. Tangu aliporudi kutoka Lubumbashi na karatasi zake za shule, anafanya kazi kwenye biro ya shirika moja, anakaa mbele ya ordinateri, ile kompyuta, kutwa, na mimi nilikuwa ninajibu watu, "Anaandika." Kumbe haandiki. Alileta ordinateri nyumbani, akaniketisha.

Kuna chombo, anasema, kinapita juu kabisa ya mawingu. Hakipigi picha kwa mwanga. Kinaita. Kinatuma mwito wake chini na kusikiliza unavyorudi. Maji hayajibu, njo maana ziwa ni jeusi. Bati linajibu kwa kelele, njo maana linang'aa. Wingu haliwezi kuzuia mwito. Masika yote haya, wakati ndege haioni kitu, hicho kinaona, na shirika linajua watu wako wapi.

Lakini kina kasoro. Milima kwake inalala. Kilele kiko karibu nacho, kinajibu kabla ya chini, basi mulima unainama kama mulevi. Na mara nyingine picha nzima inakuja imekaa pasipo pake, muji unaonekana umeanguka ziwani. Kazi ya Djamila ilikuwa kuweka picha ya zamani na picha mpya pamoja na kusema: paa hili njo lile, na hili njo lile. Akafanya hivyo maelfu kwa maelfu, hadi mashine ikajifunza. Sasa inakata picha vipande vipande, na kipande kilichokaa vibaya inakijua yenyewe na kukivuta kirudi mahali pake. Wanaiita rezo ya neroni, ati mutandao kama wa mishipa ya ubongo. Nilimuuliza ni nani aliielezea sheria zote hizo. Akasema hakuna sheria, ni mifano tu. Kama mutoto mudogo: hakuelezwa bukari, ugali wetu, ni nini, alilishwa.

"Na utajuaje kama paa hili njo lile? Mapaa yote ni mapaa."

"Kwa mupangilio, Mama. Nyumba inakaa pale ilipo na majirani zake. Bati halitembei."

Nikamwomba anionyeshe Kitunkulu. Akatafuta. Ghuba kama ukucha, mulima nyuma yake umelala, na katikati nukta nyeupe. Nyumba ya kapita, mukubwa wa muji, iko peke yake mbele, uso kwa ziwa. Nyuma yake mistari. Nukta moja inang'aa kushinda zote, inauma macho hata ndani ya ordinateri. Sikuuliza. Hayo ni mabati yangu.

Na nyuma ya hiyo, kushoto, nukta ndogo kama punje ya muchele. Djamila hakujua ni nini. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Ile punje ni Djafari. Kwa watu wa Chantal, mukwe mwanaume halali chini ya paa moja na mama mukwe wake, hata akiwa amekimbia mvua. Alipofika na mabati wakatoa machache kwenye nyumba kubwa, wakamujengea kibanda chake nyuma. Alinisimulia kwa simu, akisema analala na miguu nje.

"Mutu amebeba paa ziwa zima," nilimwambia Djamila, "wamemulaza kama bata."

Nilipomaliza kucheka niliweka kidole juu ya ile punje. Djamila alisema nitaacha alama ya mafuta. Sikuondoa kidole.

Tarehe 23 Novemba

Djafari amepiga simu. Alipanda mulima kutafuta rezo, upepo ulikuwa unamujaa mudomoni. Wamehama. Njia inayoshuka Kitunkulu imejulikana na wenye silaha, kwa hiyo muji wote umevuka ile pua ya mawe inayoingia ziwani na kukaa ghuba ya pili. Wanaume walibeba mabati kichwani, wanawake vyungu na watoto. Chantal alitembea mwenyewe, hakutaka kubebwa.

Nilimuuliza wanalala vipi huko porini. Akacheka. Alisema watu wa huku hawahami ovyo kama sisi. Kapita anachomeka muti wake kwanza, uso kwa ziwa. Kisha kila mutu anajenga upande uleule wa jirani yake, umbali uleule, ili mutoto akiamka kwa kelele miguu yake ijue pa kukimbilia. Hata mapengo wameyaacha, palipokuwa na nyumba ya marehemu pamebaki wazi.

"Na wewe wamekuweka wapi?"

"Palepale, Mama. Nyuma ya mama mukwe, kushoto, na kibanda changu cha aibu. Miguu bado iko nje."

Kisha rezo ikakatika. Hakuniambia tumbo limefika wapi. Nilimwambia Djamila yote, naye akasema atawatafuta picha mpya ikija.

Tarehe 26 Novemba

Mvua. Simu haipatikani.

Tarehe 3 Desemba

Wamerudi kwao. Djamila alikuja mbio kutoka biro, viatu mukononi kwa sababu ya matope. Picha mpya imeingia, na Kitunkulu iko vilevile: kapita mbele, mistari nyuma, mabati yangu yanapiga kelele, na punje ya muchele nyuma yake kushoto. Alinionyesha kwa ordinateri ili nisiseme ananifariji. Picha ni ya juzi. Simu ya Djafari ilikuwa kabla ya hapo. Maana yake vita vimepoa upande ule, wakafungua mabati, wakavuka tena pua ya mawe, wakarudi nyumbani.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema mashine imeikagua na imeipa alama ya juu kabisa, haina wasiwasi hata kidogo.

Nimekaanga mandazi, nimegawia mutaa. Mabati yale, Mungu anisamehe, leo nimeyabariki.

Tarehe 10 Desemba

Papa Adalbert, shefu wa Djamila pale biro, ametuma neno: shirika limepata boti ya kuchukua wajawazito na watoto wadogo kutoka vijiji vya pwani, na Kitunkulu imo. Yule Papa Adalbert mimi simupendi sana. Mutu wa Kongolo, mashati yake yana mistari ya pasi hata siku ya mvua, na anaongea na wewe kama anasoma tangazo. Nilikwenda hadi biro kumuomba boti ipite pia ile ghuba ya pili, tu kuangalia, kama kuna waliobaki nyuma. Akanijibu kwa adabu, lakini ukuta ni ukuta. Wenye bunduki wa pande zote wamekubali boti ipite kwa sharti moja: itashuka pale tu palipoandikwa, itangoja kidogo, itaondoka. Ikipotoka, hakuna anayemulinda mutu.

"Na palipoandikwa ni hapa, Mama Djafari," akaweka kalamu juu ya ramani. "Picha ni ya mwezi huu. Watu wako nyumbani kwao."

Hata mimi niliona njo hivyo. Niliondoka nikiwa nimetulia.

Nimechana shuka la harusi yangu, lile laini, nimefanya vitambaa vya mutoto. Nimefunga na sabuni, chumvi na kitenge kimoja kizuri cha Chantal mwenyewe. Nimefunga kwa fundo langu, la kufungia dagaa, ambalo halifunguki njiani.

Tarehe 12 Desemba

Boti imeondoka asubuhi. Salomon njo nahodha, mutu muzima, anajua ziwa. Nilimupa muzigo wangu na kumwambia, amwambie Chantal umetoka kwa mama yake. Asiseme kwa mama mukwe. Aseme kwa mama yake.

Tarehe 13 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Boti imerudi leo muchana. Nilikuwa bandarini tangu asubuhi na wamama wengine, kila mumoja na kanga yake ya kupokelea mutu. Walishuka wanawake wa vijiji vingine, mumoja na mapacha. Nikahesabu nyuso. Kisha hakukuwa na uso mwingine. Salomon akashuka wa mwisho, na chini ya kwapa lake muzigo wangu, fundo langu lilivyokuwa.

Alinivuta pembeni, chini ya ukingo wa ghala, kwa sababu mvua ilianza. Alisema Kitunkulu hakuna mutu. Nilimwambia labda walikuwa mashambani. Akatikisa kichwa. Alisema, "Mama, nyumba ziko bila mapaa. Kuta tu. Ndani ya nyumba majani yamefika magotini." Waliita. Walipuliza honi. Alitamani kuzunguka ile pua ya mawe, ilikuwa pale mbele ya macho yake, lakini mvua ilifunga, na askari aliyekuwa ndani ya boti akamuonyesha saa. Wakarudi.

Majani magotini. Majani hayaoti kwa siku moja. Hata mimi ninajua.

Djamila alikuwa amesimama nyuma yangu, hakulia. Alimuuliza Salomon swali moja tu: majani ndani ya nyumba ipi? Akajibu, zote, hata ya kapita. Basi akaondoka kwenda biro kwa miguu, kwenye mvua, bila kunifunika wala kujifunika. Nilibaki na muzigo. Mwanamuke wa mapacha alikuwa anatetemeka, nguo zimeloa. Nilitaka kufungua fundo nimupe vile vitambaa. Mikono ilikataa. Nikamuvulia kanga yangu badala yake.

Tarehe 14 Desemba

Djamila amenieleza. Nimemwambia arudie mara kadhaa, na sasa nimeelewa, na ninatamani nisingeelewa.

Ile picha ya Desemba ilikuja sawa. Haikuwa na kosa. Ilionyesha mapaa kwenye ghuba ya pili, pale walipokuwa kweli. Lakini ghuba zile mbili zinafanana kama kucha za mukono mumoja, milima yote miwili imelala, maji ni meusi, hakuna kitu kingine cha kushika isipokuwa mabati. Na mabati yalikuwa yaleyale, kwa mupangilio uleule, kapita mbele, mapengo ya marehemu mahali pake, punje ya muchele nyuma kushoto. Mashine ikalinganisha. Ikajua ule muji. Ikasema: mapaa hayatembei, basi ni picha iliyotembea. Ikakivuta kile kipande chote nyuma ya pua ya mawe na kukiweka Kitunkulu. Na kwa kuwa nukta zote zilikubaliana, njo maana iliipa alama ya juu.

Watu walihama na muji wao wote, na mashine ikawarudisha kwa nguvu.

"Kwa nini haikuuliza mutu?" nilisema.

"Haijui kuuliza, Mama. Inajua ilivyofundishwa."

Kisha akasema polepole, akiangalia sakafu, "Mimi njo niliifundisha."

  Nilimuvua viatu vilivyoloa na kumuwekea miguu karibu na makala ya moto. Hata mimi niliibusu ile picha. Hata mimi nilikaanga mandazi.

Tarehe 15 Desemba

Papa Adalbert ameandika kuomba boti ya pili, ghuba ya pili. Anangoja jibu.

Tarehe 17 Desemba

Mvua. Anangoja.

Tarehe 18 Desemba

Anangoja.

Tarehe 21 Desemba

Leo Papa Adalbert amekuja nyumbani, kwa miguu, bila gari la shirika. Shati halikuwa na mistari ya pasi. Nilikuwa nimejiandaa kumuonyesha uso wa ukuta kama alionionyesha, lakini alivua viatu mulangoni, na soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidole. Sijui kwa nini soksi ile ilinimaliza.

Alikaa chumba cha nyuma, maana sebuleni nimeanika dagaa juu ya kamba. Alisema boti imekataliwa. Watu wa msituni wameonekana ziwani na mitumbwi yenye injini, jeshi limefunga maji yote kusini. Aliandika tena, wakamujibu kwamba kwenye karatasi zao kituo cha Kitunkulu kilishatembelewa na hakikuwa na watu. Kwao imekwisha.

"Niliwaambia picha ilikuwa na kosa," alisema. "Wananiuliza: na hii ya sasa tutajuaje haina?"

Wakati anaongea, tone la turubai likaanza kumuanguka begani. Hakusogea. Akavuta beseni kwa muguu hadi likawa sawa na tone lingine, lile la karibu na kitanda changu, na akabaki yeye kunyeshewa. Nilimuuliza kama ana watoto. Akasema dada yake yuko Kongolo na hajamusikia tangu Septemba. Tukanywa chai. Aliondoka bila kuniahidi kitu, na kwa hilo nilimushukuru.

Tarehe 25 Desemba

Jirani zetu Wakristo wanaimba. Nilimukumbuka Chantal, namna alivyoosha sufuria zangu mwaka jana siku kama ya leo, siku yake ya sikukuu, na sikumwambia pumzika.

Tarehe 4 Januari 2018

Habari imetokea. Mwanamuke mumoja amefika kwa miguu kutoka upande wa Zongwe, yuko kambini na watoto wa dada yake. Djamila alisikia biro, tukaenda wote. Kambi imejaa matope, mahema yamekaa ndani ya maji, watu wanapika juu ya matofali. Tulimukuta anamenya muhogo. Alikuwa mutulivu kama mutu ambaye amelia hadi akamaliza.

Alisema siku tatu mfululizo waliona moshi ng'ambo ya pua ya mawe. Walisikia bunduki, kisha hawakusikia. Hakwenda kuangalia. Nani angekwenda? Nilimuuliza kama alikutana njiani na kijana mwembamba, sauti nzito, na muke wake mwenye mimba kubwa. Alisema njiani wenye mimba walikuwa wengi. Nikamuuliza kama mumoja wao alikuwa anakataa kubebwa. Akaacha kumenya, akaniangalia, akasema, "Mama, wote walikuwa wanatembea wenyewe. Hakukuwa na wa kubeba."

Tulirudi. Darajani pa Lukuga Djamila akasimama, akasema kama boti ingewafikia siku ile wangekuwa wamekaa nyumbani sasa, wanakula. Nilimwambia anyamaze. Kisha nikamushika, kwa kuwa hakustahili kuambiwa anyamaze. Maji ya Lukuga yalikuwa mekundu, yanakimbia, yanajua yanakokwenda.

Nimesali. Nimewasalia na wale wa kwao Chantal, kwa majina niliyoyajua, na ambao sikuwajua majina nikawataja kwa nyumba zao: wa mbele, wa mustari wa kwanza, wa karibu na pengo.

Tarehe 5 Januari

Nimeshindwa kuandika.

Tarehe 9 Januari

Picha mpya. Djamila amekataza mashine isisogeze kitu kabla yeye hajaona. Ghuba ya pili ni tupu. Hakuna kinachong'aa.

Niliketi chini. Akanishika akasema, "Ngoja, Mama, sikiliza. Bati lililoungua bado linajibu. Lililokunjamana linajibu hata zaidi. Kama wangechomewa nyumba na kuondoka mikono mitupu, tungeona mabati yametapakaa. Hapa hayapo. Kuna mutu aliyabeba."

Kuna mutu. Lakini hata wenye bunduki wanapenda mabati. Wanayauza. Tukabaki na neno hilo katikati yetu kama sahani ambayo hakuna anayeigusa.

Nilizoea kumuona mwanangu kama punje ya muchele. Sasa hata punje sina.

Tarehe 14 Januari

Mvua.

Tarehe 19 Januari

Mvua. Turubai limechanika kabisa. Djamila anataka kuazima bati bironi. Nimekataa, na sijui kwa nini nimekataa.

Tarehe 2 Februari

Picha ya eneo lile haikuletwa. Chombo kilipita mahali pengine. Papa Adalbert aliomba kirudi, lakini anayekiongoza yuko mbali sana na hajui sisi ni nani.

Nimefungua muzigo. Nimefua vitambaa, nimevifunga tena. Vilikuwa vimeanza kunuka ukungu.

Tarehe 17 Februari

Leo Djamila hakukimbia. Aliingia polepole na kukaa mukekani, akafungua ordinateri bila kuniangalia. Alisema, "Sitaki useme kitu hadi nimalize."

Picha imekuja. Mashine iliikuta na kutaka kuivuta tena hadi Kitunkulu, ikiwa na hakika yake yote, alama ya juu. Hapo njo aliposhituka. Kama inataka kuivuta, basi imeona kitu inachokijua. Akaizuia, akaiacha picha pale ilipoanguka. Kusini zaidi, ghuba ya tatu, ndogo, mulima umeifunika nusu.

Nukta mbele, peke yake, uso kwa ziwa. Nyuma yake mistari, lakini ina meno yaliyong'oka. Mapengo ni mengi kuliko zamani. Mustari wa kwanza umebaki na nyumba mbili. Niliyapitia mapengo kwa kidole, na kila pengo nililisemea Bismillahi. Wameyaacha wazi, kama wanavyoacha.

Kisha mustari wa nyuma. Mabati yangu. Hayang'ai kama mwanzo, labda yamekunjika, labda yana masizi, lakini njo yenyewe, mahali pake.

"Na nyuma yake," nilisema. "Kushoto."

Djamila alikuza picha hadi ikawa chenga tupu. Kulikuwa na kitu. Chembe ya kijivu, si nyeupe, ndogo kuliko punje.

"Mama, inaweza kuwa jiwe lenye maji. Inaweza kuwa mutumbwi uliogeuzwa. Hata mwito wenyewe una kelele zake, unatengeneza vitu ambavyo havipo. Nimeiuliza mashine. Inasema si kitu."

Mimi sijui mashine. Lakini ninajua masika, na ninajua kuvujiwa. Wanawake wawili, Chantal na mama yake, na mutoto muchanga kama amezaliwa, mvua juu yao, mabati yamebaki machache: hawawezi kutoa hata moja wakaliweka nyuma bure. Wangelala wote chini ya paa moja na kumushukuru Mungu. Paa linagawanywa pale tu palipo na mukwe mwanaume wa kukaa mbali na mama mukwe wake. Nilimwambia Djamila hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho.  Alisema inaweza kuwa pia mukwe wa nyumba nyingine, au jirani aliyepoteza watu wake, akapewa nafasi. Nilijua hilo. Nilitaka tu lile langu lisikike kwanza.

Papa Adalbert amepeleka habari juu. Maji bado yamefungwa. Amenitumia neno kwa Djamila: ameandika kwamba pale kuna watu, na ameandika kwa mukono wake mwenyewe kwamba picha haina kosa. Hawajamujibu.

Tarehe 18 Februari

Djamila anaifundisha mashine upya. Nimemuona akiweka pamoja Kitunkulu, ghuba ya pili na ghuba ya tatu, na kusema: paa hili njo lile, lakini si mahali pale. Inamuchukua muda, kwa sababu anasema mfano mumoja hautoshi, mashine inahitaji vijiji vingi vilivyohama hivyo. Nilimuuliza atavipata wapi. Akasema viko, Mama. Masika haya viko vingi.

Mvua imeingia tangu alfajiri. Tone limehama, sasa linaanguka katikati ya chumba. Nimelisogezea beseni.